Misaada ya watoto wa Nyarugusu: kibali kwanza, Fuso baadaye

Msomaji wa Tabata ameniandikia. Kikundi chao cha akina mama kimejaza sebule ya mwenyekiti nguo za watoto, sasa wanatafuta Fuso ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Kigoma. Dada yangu, swali lilitakiwa lije kabla ya nguo. Dar tunapenda kukusanya, kisha ndiyo tuulize.

Kubeba mzigo hakukupi ruhusa ya kuingia kambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka kibali, na anayehusika ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwenye barua taja majina na vitambulisho vya wanaokwenda, namba ya gari, tarehe, vitu na idadi yake, pamoja na shirika lililoko kambini litakalopokea. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lingewaambia kinachohitajika.

Nguo zichambueni upya. Zipu mbovu na soksi ya mguu mmoja zibaki Tabata. Sweta wekeni: Kasulu iko juu, usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo mtu wa Dar haijui. Fungeni kwa umri, na juu ya kila kiroba andikeni umri na idadi. Viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba. Yeboyebo ni bora kuliko ngozi, maana turubai likivuja ngozi huota ukungu.

Kama fedha imebaki, nunueni sabuni. Haina mvuto kwenye picha, najua, lakini mtoto anayenawa haharishi ovyo. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Watoto 1,000 ni kilo 450, haifiki hata nusu tani. Mche wa kilo moja hutoa vipande vitano vya kufulia. Kateni kwa waya, siyo kisu, usimeguke. Msiipange pamoja na unga au biskuti: harufu huingia, na chakula kinachonuka sabuni hakuna mtoto atakayekimaliza. Ulizeni bei Kasulu mjini kabla ya kununua Kariakoo, maana nauli ya mzigo hula faida yote.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipeleke. Hapa sibembelezi mtu. Yanataka maji safi, kuni za kuchemshia, chupa iliyooshwa vizuri na kopo jipya kila linapoisha. Kimoja kikikosekana, mtoto anaharisha. Mama naye akipunguza kunyonyesha, maziwa yake hupungua, na kopo la msaada likiisha hana pa kurudi. Mtoto aliyekonda ni wa kliniki. Kuanzia miezi 6 hadi 59 hupimwa mzingo wa mkono wa juu kwa utepe, na chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali unaotaka tiba. Biskuti zenu hazitamtibu.

Vitabu vya shule za Dar navyo viacheni. Wanafunzi kutoka Kongo walioko kambini hufuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Madaftari na kalamu havina mtaala.

Kugawa kwa kurusha kutoka juu ya gari ni kualika mkanyagano, na wanaoumia ni wadogo. Mkiwa na seti 300, msizipeleke kwenye shule ya watoto 2,000. Chagueni na mpokeaji darasa moja au mtaa mmoja, kila aliyemo apate. Majina yatoke kwa mpokeaji kabla gari halijatoka Dar. Na simu zibaki mfukoni: sura ya mtoto mkimbizi haipigwi picha bila ridhaa ya mzazi wake, hata kama mfadhili anataka ushahidi.

Ushahidi wa mfadhili ni hati ya makabidhiano. Andaeni nakala tatu, mhesabu pamoja na mpokeaji kiroba kwa kiroba, na pungufu iandikwe hapohapo kabla ya sahihi na muhuri. Dereva asigeuze gari bila nakala yenu.