Sindano ya tatu ya goti: nichomwe au niache?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 61, goti la kulia limesagika. Eksirei imeonyesha hivyo. Sindano ya kwanza ya steroidi ilinipa miezi minne ya raha, nikawa napanda ngazi bila kushika ukuta. Ya pili nilichomwa wiki kumi zilizopita, nafuu ikadumu wiki sita tu, na usiku ule sukari yangu ilifika 16 wakati kawaida huwa 7. Sasa natembelea fimbo, naishika mkono wa kulia. Naweza kuchomwa ya tatu? Jirani anasema sindano hizi zinakula goti, eti nichomwe ya jeli. (Mama M.)

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja, sikulipata: ile miezi minne ya raha uliitumia kufanya nini?

Nachoma magoti kila wiki, kwa hiyo sitakuambia dawa haifanyi kazi. Steroidi hupoza utando wa ndani ya goti uliovimba. Goti likijaa maji, nayavuta kwanza. Yakitoka ya manjano, maangavu, yakavutika kati ya vidole kama ute wa yai, naendelea. Yakitoka na ukungu, dawa inarudi kwenye trei na maji yanakwenda maabara, maana huenda kuna vijidudu. Utando ukipoa maumivu hushuka kwa wiki kadhaa, mwenye bahati miezi mitatu au minne kama wewe. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, ikishalika hairudi.

Jirani yako hajakosea sana. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 140: nusu walichomwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi tu, yasiyo na dawa. Wa steroidi gegedu yao ilipungua zaidi, na kwa maumivu hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Sindano moja moja, goti linapowaka, sina ugomvi nayo. Kuchoma kwa ratiba kama kubadilisha oili ya gari, hapo nakataa.

Kwako wiki kumi bado mapema; mimi husubiri angalau miezi mitatu. Na kama umeshaanza mazungumzo ya kuwekewa goti bandia, usichomwe kabisa mpaka umemuuliza daktari wa upasuaji: sindano ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya goti jipya kupata maambukizi.

Sukari kupanda kulitarajiwa, ulipaswa kuambiwa. Huchukua siku chache, mara nyingine wiki nzima. Ikitokea sindano nyingine, anayekutibu sukari ajue kabla, nawe upime mara nyingi zaidi. Goti likiwa jekundu, la moto, likikuuma zaidi kila siku au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jeli ni asidi ya hyaluroniki, jamaa wa ute wa asili wa goti. Nyingine hutolewa kwenye upanga wa jogoo. Nafuu yake ikilinganishwa na maji ya chumvi ni ndogo mno, na mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2022 unasema isitolewe. Mimi nisingeichoma kwenye goti la mama yangu.

Sasa turudi kwenye ile miezi minne. Goti hubebwa na misuli ya mbele ya paja, nayo husinyaa mtu anapolikwepa goti kwa maumivu. Utafiti wa 2020 uliwapa wagonjwa 156 ama sindano ya steroidi ama fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Baada ya mwaka, wa mazoezi ndio waliokuwa na maumivu machache na waliotembea vizuri zaidi. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti likaze, vidole vikitazama juu, hesabu hadi kumi, shusha taratibu. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukizoea, simama na kukaa bila kusukuma kwa mikono. Wiki mbili za kwanza utanilaumu. Vumilia hadi ya nane. Siku za maumivu makali, dawa ya kupaka ya diklofenaki gotini ni salama kwako kuliko vidonge vyake, ambavyo huweza kuumiza figo.

Na ile fimbo, mama, ihamishie mkono wa kushoto leo hii. Hushikwa upande wa goti zima, nayo hutangulia pamoja na mguu mbovu.