Ami Rubani Anajibu: Lamu mpaka Unguja kwa ndege ndogo

*Assalaam aleikum Ami, shikamoo. Mimi kijana wa Lamu, nina leseni ya rubani binafsi mwaka wa pili sasa, na sahibu yangu amekubali kuniachia Cessna 172 yake. Binamu yangu anaolewa Unguja Jumamosi moja mwezi wa saba. Nataka nimchukue mke wangu, mama na shemeji, turuke moja kwa moja kutoka Manda, kiwanja chetu cha Lamu, mpaka Zanzibar. Shemeji ashasema atanilipa nauli kama ya ndege ya abiria. Nianzie wapi? – M., Lamu*

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu, na Mungu ampe kheri bi harusi.

Nianze na huyo shemeji maana ndiye atakayekuponza mapema. Leseni yako ni ya binafsi, hairuhusu kubeba mtu kwa malipo, akikupa nauli tu hiyo ishakuwa biashara, na ikitokea shida watu wa bima watakugeuzia mgongo. Mwambie hizo pesa ampelekee bi harusi.

Halafu hilo la moja kwa moja litoe akilini. Kuvuka mpaka lazima pasipoti zigongwe muhuri na kastamu wakuone, mimi miaka yote natokea eapoti ya Moi pale Mombasa na wewe tokea hapohapo. Wala hupotezi kitu, Manda mpaka Mombasa ni maili za baharini 133 hivi na Mombasa mpaka Zanzibar ni 133 hivi tena, utadhani mtu kaipima kwa kamba akaiweka katikati. Mama atashuka anyooshe miguu, wewe unamalizana na karatasi.

Sasa petroli, na hapa nakuomba usome polepole. 172 inakula kama lita 34 kwa saa na inakwenda maili 110 kwa saa kukiwa shwari. Mwezi wa saba ni kusi, wewe mtu wa Lamu sikufundishi kusi, na unaelekea kukokuko upepo unakotoka, sasa tuseme upepo umekunyang'anya maili 20, kile kipande cha saa moja na robo kinakuwa saa moja na nusu. Kwenda na kurudi mpaka Manda ni kama saa tano hewani, yaani lita 165 na zaidi, na hizi 172 za zamani nyingi zinakupa lita 150 tu za kutumia. Kwa hivyo utajaza njiani upende usipende. Na avgasi, yaani petroli ya ndege ndogo kama hiyo, kwetu huku si kama mafuta ya jeti ambayo utayakuta kila eapoti kubwa, avgasi unapiga simu kwanza, unamwuliza mtu iko lita ngapi leo, unamwambia nitunzie, halafu siku moja kabla unapiga tena. Sheria inataka ubaki na akiba ya nusu saa mchana. Mimi nikiona naelekea kutua na chini ya saa moja nageuza mapema, na wanaoruka na mimi wanalijua hilo.

Na ukipata mafuta simama hapo yanapotiwa, usiende chooni wala kununua maji. Mimi zamani, kiwanja chenyewe sikitaji, niligeuka kidogo tu kuongea na mtu nikasikia harufu ya mafuta ya taa, kugeuka naona kijana ashafungua kifuniko cha tangi na mpira uko mkononi, ni mafuta ya jeti! Injini ya pistoni kama ya 172 ukiitia hayo inaweza kuwaka vizuri, ukaondoka vizuri, kisha ikafia juu ya minazi. Avgasi yetu ile 100LL ina rangi ya buluu, chukua kikombe cheupe uchuje kidogo kutoka chini ya kila tangi uangalie rangi na maji, ukiingiwa na shaka dondoshea tone kwenye karatasi, avgasi inakauka na kuondoka, ya jeti inaacha doa la mafuta kama karatasi ya bajia.

Uzito nao. Viti vinne havimaanishi watu wanne na tangi limejaa. Ukishajaza, 172 nyingi zinabakiwa na kilo 250 hivi za watu na mizigo, na watu wa harusi hawasafiri mikono mitupu, kuna halwa, kuna sanduku la mama, kuna viatu jozi tatu za mke. Azima mizani kwa watu wa samaki upime kila begi na kila mtu, mama naye apimwe, kwa heshima lakini apimwe. Buti ya nyuma mwisho wake kwa kawaida ni kilo 54, kitabu cha ndege ndiyo kitakuambia ya kwako. Nikipiga hesabu naona shemeji anapanda basi.

Kuhusu bahari, fuata pwani, Diani, Shimoni, Tanga, ndipo uvuke. Ukielekea huko urefu wako wa kuruka juu ni futi 4,500 au 6,500, chukua 6,500. Injini ikizima, 172 inateleza kama maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000, kwa hiyo toka 6,500 ni kilomita 17 au 18, na mlango wa bahari pale pembamba ni kilomita 36 hivi. Yaani ukivukia pembamba, pale katikati kabisa unakaribia kufika nchi kavu upande wowote, ila upepo ukikukataa hufiki, ndiyo maana jaketi za kuokolea zinavaliwa tangu Mombasa, zisiwekwe chini ya kiti. Na wafundishe mama na mke kwamba haijazwi hewa ndani ya ndege, mpaka mtu ashatoka mlangoni, ukiijaza ndani inakubana juu darini.

Karatasi: Mkataba wa Chicago wa 1944 ibara ya 29 ushakutajia, usajili, cheti cha ubora wa ndege, leseni yako, kitabu cha safari, leseni ya redio, majina ya abiria. Ongeza cheti cha afya, bima na barua ya huyo sahibu yako kwamba amekupa ndege. Kibali cha Tanzania unaomba TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, mapema, usingoje wiki ya harusi.

Na nenda Alhamisi. Nakusihi. Ukienda Alhamisi na mawingu yakakushusha Tanga au yakakurudisha Mombasa, una Ijumaa. Ukienda Jumamosi asubuhi na simu inalia bwana harusi ashafika, utaingia wingu ambalo siku nyingine ungelikimbia.

*Ami, mpango wangu wa safari umerudishwa mara mbili kwa sababu ya saa za Zulu, zile saa za dunia (UTC) wanazotumia marubani. Nachanganya saa zetu, saa za simu na hizo Zulu. – Msomaji, Malindi*

Pole, hili ni letu sisi Waswahili na dawa yake pia ni yetu. Achana na saa ya simu. Chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza tatu, umepata Zulu, basi. Saa tatu asubuhi ni 0600, saa sita ni 0900, saa kumi jioni ni 1300. Inakubali kuanzia saa moja asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, na wewe usiku huruki. Kenya na Tanzania saa ni moja, kwa hivyo ukirudi hesabu ni ileile. Na uupeleke huo mpango si chini ya saa nzima kabla ya kuondoka.

*Kitambulisho kinatosha kuingia Zanzibar? – Bi S., Lamu*

Hakitoshi bibi, beba pasipoti. Na kadi ya manjano ya homa ya manjano, ukitoka Kenya wataiuliza. Kama ulidungwa zamani usidungwe tena, tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha.