Anti, kuna jamaa anataka kunipeleka Korea kufundisha Kiingereza

SWALI: Shikamoo anti. Mimi kijana wa Mbagala, nina digrii ya ualimu na nafundisha Kiingereza shule moja ya binafsi Tabata. Kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp anasema nimtumie milioni moja na nusu anipeleke Korea Kusini, naingia na viza ya kutalii halafu ya kazi nabadilishia hukohuko. Vigezo vyangu vinatosha? – S.J.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hela usitume. Viza ya walimu wa Kiingereza Korea inaitwa E-2 na wale wanaangalia paspoti kabla ya cheti, kwa kawaida wanachukua raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini basi. Afrika nzima ni Wasauzi peke yao, kwa hiyo hata uongee kizungu cha puani hapo hupiti.

Japani nao wana lao, kama Kiingereza sio lugha yako ya kuzaliwa wanataka uwe umesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12. Sasa piga hesabu, kama ulisoma Kayumba kama wengi wetu, Kiingereza kimeanzia fomu wani, minne hiyo, miwili ya advansi, mitatu ya chuo, unapata 9. Wanaopona hapo ni watoto wa inglishi midiamu, inauma lakini ndo hivyo.

Jaribu Thailand au Vietnam. Huko digrii yako ya ualimu ina uzito, maana wengi wanaoenda wana digrii ya mambo mengine kabisa na kacheti ka mtandaoni ka TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni. Jiandae na mtihani wa kupima Kiingereza kama IELTS, ila matokeo yake yanatumika miaka 2 tu so usikimbilie kuufanya kabla hujajua unaomba wapi. TEFL tafuta ya masaa 120. Ukiwa na hela, cheti cha ualimu cha CELTA cha Cambridge ni bora zaidi sababu unafundisha wanafunzi wa kweli masaa 6 mkufunzi kakaa nyuma anakuandika makosa, ila bei yake mh! Cheti cha polisi cha kuonyesha huna kosa la jinai nacho kianze mapema.

Kufundisha kwa viza ya kutalii ni kosa, ukidakwa unarudishwa nyumbani na huyo jamaa keshabadilisha laini. Mwambie akupe jina la shule na mkataba, halafu uandikie shule mwenyewe kwa anwani utakayoitafuta wewe, sio atakayokupa yeye.