Kuanza uandishi bila kompyuta

Ndugu yangu wa Jinja, unauliza kama unaweza kuanza kuandika hadithi za Kiswahili ilhali huna kompyuta wala shahada. Unaweza, daftari la kurasa 96 na kalamu vinatosha kwa mswada wa kwanza, na kuchapa ni kazi ya baadaye. Kinachowakwamisha wengi, nami nilikuwa miongoni mwao, ni kutaka kuandika riwaya nzima kabla ya kumaliza hata hadithi moja ya kurasa nne.

Anza na tukio dogo ulilolishuhudia kwa macho yako. Usiandike kwamba mama alikuwa na huzuni. Andika kwamba aliikunja noti ya shilingi elfu tano mara nne, akaichomeka kwenye mshipi wa gauni lake la gomesi, kisha akamwambia kondakta kwamba atashuka hapo hapo, ingawa nyumbani kulikuwa bado mbali. Msomaji ataiona huzuni mwenyewe. Ukimaliza, isome kwa sauti, kwa sababu sikio hugundua sentensi iliyolegea upesi kuliko jicho, hasa kwetu Waganda ambao Kiluganda au Kisoga hupenya katika Kiswahili chetu bila hodi.

Ukiwa mwanamke na ukafika Kampala, watafute FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa katika miaka ya 1990. Mswada wako wa Kiswahili ukikomaa, fuatilia tuzo ya Safal-Cornell, ambayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa.