Ukuta wa udongo: sima yako iweke chini na juu

Msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameandika. Alizungushia jiko lake la nje ukuta mdogo wa matofali mabichi, akaunga matofali kwa sima (saruji), akapiga lipu ya sima pande zote mbili, na mwezi wa pili mvua ikauangusha. Anauliza safari hii aongeze sima kiasi gani. Ndugu yangu, katikati ya ukuta huo usitie hata kijiko.

Udongo hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa. Sima haiendi naye hivyo, kwa hiyo lipu hupata nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia hapo na hayapati pa kutokea. Nyuma ya ngozi ile ngumu, tofali linarudi kuwa tope. Gonga lipu kwa kidole: ukisikia mlio wa mtungi mtupu, imekwisha kuachana na ukuta. Sima kati ya matofali nayo ni hivyo hivyo, inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, mvua inakula matofali na viungo vinabaki vimetokeza kama mbavu.

Tuchukue ukuta wa mita 5 kwa urefu, wenye msingi wa matofali ya kuchoma unaotokeza sentimita 30 juu ya ardhi, kisha safu 8 za matofali mabichi. Unafika mita 1 na sentimita 20 hivi. Kwa unene wa sentimita 15 usipande zaidi ya hapo, na weka nguzo 3, mbili mwishoni na moja katikati, za sentimita 30 kwa 30. Tofali kavu la sentimita 30 kwa 15 kwa 10: safu moja inakula 16, na kila nguzo inaongeza moja katika kila safu. Jumla ni 152. Fyatua 180, maana yapo yatakayovunjika. Kalibu ya mbao iwe kubwa kidogo, 31 kwa 15 na nusu kwa 10 na nusu kwa ndani, kwa sababu tofali litasinyaa.

Udongo wa matofali hayo ni kama buruweti (toroli) 20 zilizojaa, na maji bidoni 20 za lita 20. Ongeza buruweti 4 za kuungia.

Lubumbashi tuna bahati ya vichuguu. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, tatizo lake ni kwamba unashika mno: ukiufyatua peke yake, tofali linapasuka likingali kwenye uwanja. Anza na buruweti 2 za kichuguu kwa 1 ya mchanga wa mto, kisha pima. Viringisha udongo mbichi kama mhogo mwembamba wa unene wa sentimita 3, usukume polepole ukingoni mwa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ukining'inia kupita 15, ongeza mchanga. Katikati ya hapo, fyatua matofali 3 ya majaribio na uyangoje wiki moja. Udongo mweusi wa juu wenye mizizi uachie mboga. Na usichimbe kaskazini-magharibi mwa lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba, kule majani yanakokataa kuota. Moshi wa tangu 1911 umelala katika ardhi hiyo, na tope unalikanyaga kwa miguu mitupu, mara nyingi pamoja na watoto.

Loweka udongo usiku kucha, ukande kwa miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10, ndoo moja kwa kila buruweti. Kalibu ilowe maji kila mara kabla ya kujazwa. Bonyeza pembe kwa ngumi, kwani pembe legevu ndiyo ya kwanza kuvunjika. Ukiinua kalibu na tofali likatambaa, maji yamezidi.

Mwezi wa tano hadi wa saba ndio wakati wa kufyatua. Watu wengi wanangoja wa tisa kwa kuwa jua ni kali, na hapo ndipo wanapokosea: jua kali hukausha ngozi kabla ya moyo, tofali linapasuka. Siku 3 za kwanza lifunike kwa majani. Siku ya nne lisimamishe kwa ubavu. Baada ya wiki, yapange kwa kuacha nafasi upepo upite, uyaache wiki 3 nyingine. Kisha vunja moja. Likiwa na kiini cheusi, bado halijakauka: masoni arudi nyumbani hata kama anadai siku yake. Likiwa na rangi moja, weka jingine juu ya mawili yaliyoachana sentimita 20, mtu mzima asimame juu yake kwa mguu mmoja. Likivunjika, rudi kwenye mchanganyiko.

Msingi ndipo sima inapofanya kazi: mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha 40 (kwenye nguzo, upana 50), mawe, kisha matofali ya kuchoma, sima 1 kwa mchanga 6. Mifuko 2 ya kilo 50 inatosha pamoja na kofia, yaani safu ya juu kabisa ya ukuta. Zile sentimita 30 zipo kwa sababu tone la mvua likipiga chini hurukia ukuta.

Juu yake unga kwa udongo ule ule, uliochekechwa, bila majani, unene wa sentimita 1 na nusu. Nyunyizia tofali maji, usilizamishe. Kiungo cha wima kisikutane na cha chini yake. Safu 4 kwa siku, zaidi ya hapo uzito unakamua viungo na ukuta unapinda, hata timazi ikiwa mkononi.

Kofia ni matofali ya kuchoma kwa sima, yakitokeza sentimita 5 kila upande ili maji yadondoke mbali. Lipu ngoja mwezi: udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, halafu chokaa. Kila mwezi wa tisa ziba nyufa kabla ya mvua.

Shimo ulilochimba udongo ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba) lifukie. Mvua ikilijaza, mtoto anaweza kuzama, na likiwa mita 2 tu kutoka ukutani, msingi utalinywa mpaka mwezi wa nne.