Moline, Illinois, Marekani, kuna nini? Barua kwa binti yangu

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza swali kwenye simu nikalikwepa, nikasingizia usingizi. Ulisema: "Baba, huko Moline kuna nini hata mnakataa kuja kukaa na mimi Dallas? Nyumba ninayo, joto lipo, na wenzenu wengi wameshahama." Mama yako alikuwa pembeni, akanitazama tu. Sikuwa na usingizi. Jibu lilikuwa refu kuliko vocha.

Uliondoka hapa na miaka 18. Uliijua shule, basi la njano na theluji. Hukuuliza mji huu ulitoka wapi, na sikulaumu, maana mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hukua akisikia kila siku kwamba hapa tunapita tu. Mimi pia nilipita tu miaka minne ya kwanza. Nilikwenda kiwanda cha nyama usiku, nikarudi alfajiri, nikalala.

Siku moja nilikwenda peke yangu pale msituni Rock Island, mji wa jirani, juu ya mto Rock, panapoitwa kwa jina la Black Hawk. Zamani kando ya mto ule palikuwa na mji wa Wasauk, wenyeji wa asili wa nchi hii, ulioitwa Saukenuk. Walikuwa maelfu, wana mashamba ya mahindi na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1804 watu wachache walitia sahihi kule St. Louis kuiuza ardhi hiyo, na hakuna aliyewatuma kuiuza. Black Hawk, kiongozi wao wa vita, ambaye alizaliwa hapo Saukenuk, hakuukubali mkataba huo. Mwaka 1829 watu wake walirudi kutoka mawindo ya majira ya baridi wakakuta walowezi wamo ndani ya nyumba zao, majembe yanapita juu ya makaburi. Mwaka 1831 wakafukuzwa hadi ng'ambo ya Mississippi. Aprili 1832 akavuka kurudi na watu zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwemo, na kufikia Agosti wengi wao walikuwa wameuawa.

Nilisoma habari hizo polepole, kamusi mkononi, kisha nikakaa chini. Babu yako tulimzika Fizi, kwetu Kongo, chini ya mwembe wa shamba letu. Tulikimbia mwaka 1996 na sijaliona tena kaburi lile. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza watu wa hapa habari za mji wao.

Moline ilianzia kwenye vinu vilivyoendeshwa na maji ya mto. Hata jina lake ni la kinu. Kisha mwaka 1848 akahamia hapa mhunzi John Deere. Udongo wa nchi hii ni mweusi na unanata kama ugali mbichi, ukigandamana na jembe la chuma cha kawaida hadi mkulima asimame kulikwangua kila baada ya hatua chache. Deere alikuwa ametengeneza jembe la chuma cha pua mwaka 1837, likapita bila kunata. Hapa alifuata nguvu ya maji na mto wa kusafirishia. Zile mashine za kijani za kuvunia unazoziona mpaka Texas hutengenezwa East Moline, dakika chache kutoka kwetu.

Viwanda vilihitaji mikono, na mikono ikatoka mbali. Wasweden walikuja. Wakaja Wabelgiji, na hao nataka nikueleze vizuri.

Siku moja jirani yetu mzee, yule aliyekuwa anakupa peremende, aliponisikia natoka Kongo alinyamaza. Kisha akasema babu yake alitoka Ubelgiji. Akanialika kwenye kituo chao cha utamaduni, ambako Jumamosi moja ya mwezi huoka ile mikate yao ya vishimo vya miraba. Nilikaa wiki mbili bila kumjibu. Baba yangu alikuwa na makovu mgongoni ya fimbo aliyochapwa ujanani kwa sababu ya pamba ya Wabelgiji waliotutawala, aliyolazimishwa kulima na hakutimiza kiasi. Ningewezaje kukaa mezani na watu hao?

Nilikwenda. Ukutani kulikuwa na picha za watu wembamba wenye viatu vya mbao. Walikuwa wakulima maskini wa Kiflemi, yaani wa kaskazini mwa Ubelgiji, waliokimbia njaa kwao, na katika utajiri uliotoka kwetu hawakuambulia kitu. Hapa walikuwa na gazeti la lugha yao, Gazette van Moline, lililochapishwa kuanzia 1907 hadi 1940. Wana hata mchezo wao wa kubingirisha gurudumu zito kuelekea kijiti, na wazee huucheza wakigombana kama wetu kwenye bao. Nilimsimulia mzee habari za mgongo wa baba yangu. Hakujitetea. Aliniuliza jina la baba, akalirudia mara mbili ili alitamke sawasawa.

Umewahi kupita mji wa jirani wa Silvis, kwenye Hero Street? Ni mtaa mfupi mno. Wameksiko waliojenga na kutunza reli ya Rock Island waliishi kwanza ndani ya mabehewa, na mwaka 1929 walipoondolewa pale stesheni wakajenga kwenye mtaa huo, enzi hizo matope matupu. Vijana 8 wa mtaa ule mmoja walikufa vitani, 6 katika Vita vya Pili vya Dunia na 2 Korea. Jina la Hero Street ulipewa mwaka 1967, lami ikafika 1975. Miaka 8 mtaa wa mashujaa ulikuwa wa vumbi! Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini wajukuu wao wapo pale pale, wanafagia mnara wa kumbukumbu wenyewe.

Miaka ya 1980 wakulima walifilisika, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Trekta la mwisho la kiwanda cha Farmall lilitoka Rock Island Mei 1985. Familia nyingi zilihama, nyumba zikabaki, na moja ya hizo ndiyo mimi na mama yako tuliyoweza kuinunua.

Sasa nifike kwenye jibu lenyewe. Bibi yako alifariki wiki ile ya Januari 2019, na tarehe 31 kipimo hapa kilishuka hadi nyuzi 36 chini ya sifuri, baridi ambayo Moline haijawahi kupima mfano wake. Wewe ulikuwa chumbani unalia, hukuona waliokuja. Wabembe wenzetu, watu wa kabila letu, walijaa sebuleni na sombe na dagaa, na wakachanga usiku huo huo. Mama mmoja wa Silvis alileta chungu cha maharage amekifunga kwa blanketi. Mzee Mbelgiji, miaka 84, alitembea juu ya barafu na fimbo yake, akakaa na matanga mpaka saa nne usiku bila kuelewa neno. Ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Ilichimbwa kwa mashine.

Kaka yako aliyekutangulia alibaki Nyarugusu, kaburi dogo lenye msalaba wa mti ambao najua umeshaliwa na mchwa. Babu yako yuko Fizi. Mama yangu yuko hapa, na kila Jumapili baada ya ibada ninakwenda kukwangua theluji au kung'oa majani, kutegemea msimu. Nimeacha makaburi mawili nyuma yangu, mama. La tatu siwezi kuliacha.

Njoo Oktoba, mahindi yakivunwa. Mboga za lengalenga za bustanini zitakuwa zimekwisha, lakini mama yako amekuwekea za kwenye friza. Na jirani anakuulizia.

Baba yako