Fibroidi: ripoti ya ultrasaundi ikueleze iko wapi, si ukubwa tu

Fibroidi ni uvimbe usio saratani unaoota kwenye msuli wa mfuko wa uzazi. Ripoti inayosema "fibroidi, sentimita 5" na kuishia hapo haimsaidii mgonjwa wala daktari atakayemtibu. Fibroidi ya sentimita 2 iliyoota ndani ya tundu la mfuko wa uzazi inaweza kusababisha hedhi nzito na kuzuia mimba, ilhali ya sentimita 7 iliyoota upande wa nje inaweza kukaa miaka mwenyewe asijue.

Kwa kipimo cha juu ya tumbo, kunywa maji kama lita 1, saa moja kabla, na usikojoe. Kibofu kilichojaa husogeza utumbo wenye hewa, mawimbi ya sauti ya mashine yakapita. Kikijaa kupita kiasi, hugandamiza mfuko wa uzazi na vipimo hupotoka. Kwa kipimo cha ukeni, kojoa kwanza. Hiki huonyesha vizuri zaidi fibroidi ndogo na mpaka wake na utando wa ndani, ila mfuko uliokua hadi kitovuni hauenei kwenye picha. Hapo vifanyike vyote viwili.

Mpimaji apime kila fibroidi muhimu pande tatu, azidishe, kisha mara 0.523 kupata ujazo: sentimita 5 × 4 × 4 ni kama sentimita za ujazo 42. Halafu aandike namba ya FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi) inayoonyesha fibroidi iko wapi, mpangilio uliotolewa mwaka 2011. Namba 0 inaning'inia ndani ya tundu. Namba 1 na 2 zimeingia tunduni kwa sehemu. 1 ina chini ya nusu yake ndani ya msuli, 2 ina nusu au zaidi. Namba 3 inagusa utando, 4 iko katikati ya msuli, 5 hadi 7 zinaelekea nje, na 8 ni za kwingineko, kama mlango wa kizazi. Namba hii ndiyo humwambia daktari kama anaweza kuitoa kupitia ukeni bila kupasua tumbo, kwa hiyo idai.

Kosa linaloumiza wengi ni kuita adenomayosisi fibroidi. Adenomayosisi ni tishu za utando wa ndani kuota ndani ya msuli wa mfuko wa uzazi. Fibroidi ina ukingo unaoonekana, na kwenye Dopla ya rangi, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita, damu huizunguka. Adenomayosisi haina mpaka, ukuta hunenepa upande mmoja, huwa na vishimo vidogo vya maji, na mishipa hupita katikati yake. Ukiwa na adenomayosisi ukafanyiwa upasuaji wa kung'oa fibroidi, daktari hatapata uvimbe wa kung'oa ukatoka mzima.

Fibroidi yenye kikonyo nayo hufanana na uvimbe wa ovari. Mpimaji atafute ovari zote mbili kwanza, kisha mishipa inayotoka kwenye mfuko kuingia kwenye uvimbe.

Tofauti ya milimita chache kati ya vipimo viwili haimaanishi imekua, hasa kama mpimaji au njia imebadilika. Beba ripoti za zamani, na rudia kwa njia ileile.

Mfuko ukiwa mkubwa, figo zote mbili ziangaliwe papo hapo. Uvimbe unaweza kubana mrija unaotoa mkojo kwenye figo, figo ikajaa mkojo bila maumivu yoyote.